Barua ya Wazi: Safari za Glaida Uganda Zipimwe kwa Saa, Zisipimwe kwa Kilomita

Kwa Waheshimiwa wa Baraza la Kitaifa la Michezo, kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, na kwa viongozi wa klabu za urubani ambao siku moja mtakabidhiwa kazi ya kuandaa mashindano ya kitaifa ya glaida.

Kuhusu: Kanuni za mashindano na upangaji wa safari za kila siku

Waheshimiwa,

Naandika barua hii mapema, kabla tarehe haijatajwa na kabla kombe halijanunuliwa, kwa sababu kanuni zinazotungwa marubani wakiwa wamekwisha kufika uwanjani hutungwa kwa haraka, na mara nyingi kwa hasira. Naiandika kwa Kiswahili kwa kuwa chuo cha urubani cha Soroti kilianzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima, na marubani wa nchi jirani tutakaowaalika waweze kuisoma bila mkalimani. Ombi langu ni moja. Tutakapoandaa mashindano ya glaida, safari ya kila siku ipangwe kwa kufuata muda ambao anga letu linatupa, na hesabu ya alama irekebishwe ili asiwepo mkurugenzi wa mashindano atakayeona faida kuwaweka marubani hewani mawingu ya radi yanapokomaa.

Kwa wale kati yenu ambao mchezo huu ni mgeni kwao, glaida ni ndege isiyo na injini. Huvutwa na ndege nyingine hadi mita 600 hivi juu ya uwanja, kamba huachiwa, na kuanzia hapo rubani hutafuta hewa moto inayopanda kutoka ardhini, akazunguka ndani yake hadi juu, kisha akateleza kuelekea mbele akitafuta nyingine. Mkazi yeyote wa Kampala amekwisha kuliona jambo hili kwa macho yake: wale korongo wakubwa, kaloli, ambao asubuhi husimama juu ya mapaa na majalala, na jua likishika huzunguka juu ya mji hadi wakawa nukta, bila kupiga bawa hata mara moja. Glaida hufanya vivyo hivyo, isipokuwa kaloli hapangiwi mahali pa kwenda.

Rubani wa mashindano hupangiwa. Kila asubuhi mkurugenzi hutangaza safari ya siku, na aliyeimaliza kwa kasi kubwa zaidi hupata alama nyingi zaidi. Ziko aina mbili kuu za safari. Ya kwanza ni ya mbio, ambayo vituo vya kugeukia ni vilevile kwa wote, na kila rubani lazima afike ndani ya mita 500 za kila kituo, kama inavyothibitishwa na kinasa cha GPS kilichomo ndani ya ndege. Ya pili ni safari ya maeneo. Mkurugenzi huchora maduara makubwa badala ya vituo, huweka muda wa chini kabisa wa kuruka, na kumwachia kila rubani aamue mwenyewe atakwenda umbali gani ndani ya kila duara kabla ya kugeuka. Kasi yake ni umbali alioruka ukigawanywa kwa muda aliotumia. Akirudi kabla ya muda uliowekwa, huhesabiwa kana kwamba aliutumia wote, kwa hiyo hana sababu ya kukimbilia nyumbani. Aina zote mbili zimo katika kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, lililoanzishwa mwaka 1905, na zote mbili hutumika hata katika mashindano ya dunia, ambayo ya kwanza yake yalifanyika Wasserkuppe, Ujerumani, mwaka 1937.

Sasa nije kwenye hesabu ya alama, kwa sababu ndiko hatari ilikojificha, nami nawaomba mnivumilie kwa tarakimu chache. Katika kanuni za kimataifa zilizotumika kwa miaka mingi, siku kamili hubeba alama 1,000, lakini alama hizo hupunguzwa siku inapokuwa fupi. Muda wa mshindi kwa saa huzidishwa mara 400, kisha hutolewa 200. Mshindi akiruka saa 3, siku inabeba alama 1,000. Akiruka saa 2 na nusu, inabeba 800. Akiruka saa 2, inabeba 600 tu. Upo na mzani wa umbali unaofanya kazi hiyohiyo, ambao humtaka aliyekwenda mbali zaidi afikishe kilomita 250 ili siku ihesabiwe kamili. Nia yake ni njema: siku fupi huamuliwa zaidi na bahati, maana rubani aliyekosa hewa nzuri mara moja tu hana muda wa kufidia. Mimi siipingi nia hiyo. Napinga kuichukua tarakimu iliyotungwa kwa anga la Ulaya na kuileta Soroti au Kasese kana kwamba jua huchwea saa ileile.

Mwezi Juni, London hupata zaidi ya saa 16 za mwanga, na jua huzama baada ya saa 3 usiku. Rubani wa huko akichelewa kuanza, bado ana jioni ndefu mbele yake. Kwetu, juu ya ikweta, jua huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni na dakika chache, mwaka mzima, na giza hufuata ndani ya nusu saa. Hata hivyo giza si adui wetu wa kwanza. Adui wa kwanza ni radi. Hewa yetu ina unyevunyevu mwingi, upepo kutoka Ziwa Victoria huingia nchi kavu mchana na kukutana na hewa iliyopashwa joto, na pale vinapokutana mawingu hupanda haraka hadi kuwa mawingu ya radi. Milima ya Rwenzori na Elgon hufanya yaleyale kwa namna yake. Mtu yeyote aliyewahi kuanika mihogo katika nchi hii anajua kwamba anga la saa 5 asubuhi halikuahidi chochote kuhusu anga la saa 9 alasiri. Katika siku nyingi, muda salama wa kuruka glaida kwa mashindano hapa utakuwa saa 3 au 4 kwa jumla, na humo lazima zitoshe kuvuta ndege zote juu, kusubiri lango la kuanzia, yaani ruhusa ya kuianza safari, lifunguliwe, kuruka safari yenyewe, na kubaki na akiba.

Sasa fikirini mkurugenzi aliyeletewa ile hesabu ya 400. Anajua akipanga safari ya saa 2, siku yake itabeba alama 600, marubani watanung'unika, na bingwa atakayepatikana ataitwa bingwa wa siku nusunusu. Kila kitu kwenye karatasi kinamsukuma kuelekea saa 3. Hakuna aliyemwamuru ahatarishe maisha ya mtu, lakini hesabu inamvuta huko kila asubuhi.

Haya sikuyasoma mahali. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda nje ya nchi kumsaidia rafiki yangu katika mashindano, nikiwa mtu wa ardhini: naendesha gari lenye trela, nasikiliza redio, na rubani akitua shambani naenda kumchukua. Siku mbili za mwanzo zilikuwa fupi na alama zake zikakatwa. Asubuhi ya siku ya tatu mkurugenzi, ambaye nilimwona kuwa mtu mwema na mwenye uzoefu, aliiandika ile hesabu ubaoni na kusema kwamba mashindano yanahitaji siku ya alama 1,000. Akapanga safari ya mbio yenye vituo vitatu, cha mwisho kikiwa upande ule ambao mtabiri wa hali ya hewa alikuwa ameonyesha mvua. Mchana ule zaidi ya nusu ya ndege zilitua mashambani. Rafiki yangu alikiona kituo cha mwisho kikiwa chini ya kivuli cheusi, akaona na wenzake wawili mbele yake wakiendelea, naye akaendelea. Alitua jioni kwenye malisho yenye uzio wa waya ambao hakuuona kwa sababu ya mvua. Bawa lilivunjika na uti wa mgongo ukaumia. Nilimkuta amekaa kwenye nyasi, ameshika kofia yake, na neno la kwanza aliloniambia lilikuwa kwamba alibakiza kilomita 9 tu.

Kilomita 9 hizo ndizo zilizonifanya niandike. Katika safari ya mbio, rubani aliyebakiza kilomita 9 kufika kituoni hana njia ya kugeuka mapema bila kupoteza alama zote za kasi. Katika safari ya maeneo angegeukia pale alipouona ukuta wa mvua, akarudi nyumbani kupitia hewa njema, na akahesabiwa kilomita zote alizoruka. Ustadi wa kulisoma anga ungemletea alama. Siku ile ustadi huo haukuwa na thamani yoyote, na aliyepuuza alichokiona ndiye aliyekuwa na nafasi ya kushinda.

Niwape mfano wa nyumbani. Nina hakika kwamba mashindano yakiwekwa Soroti, mtu atachukua ramani na kupiga mstari hadi Moroto na kurudi, kwa sababu umbali wake ni karibu kilomita 300 kamili, na kilomita 300 ni umbali wenye heshima kwa marubani wa glaida, ule wa kutafutia beji ya dhahabu. Kwenye karatasi ni safari ya kupendeza. Lakini kwa kasi ya kilomita 90 kwa saa ni zaidi ya saa 3 hewani. Aliyeanza saa 6 na nusu mchana atakuwa anarudi Soroti karibu saa 10 alasiri, wakati ambao mawingu yaliyoanza juu ya Elgon na kandokando ya Ziwa Kyoga yamekwisha kupata muda wa kukua. Na pembezoni mwa Kyoga pana vinamasi vya mafunjo ambavyo kutoka juu hufanana na uwanda wa majani mabichi, kumbe hakuna mahali pa kutua.

Chukueni siku hiyohiyo na ndege zilezile. Chora duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 30 kuuzunguka mlima Napak, ambao uko zaidi ya nusu ya njia kuelekea Moroto, na uweke muda wa chini wa saa 2. Rubani hodari mwenye glaida ya kisasa atapita Napak, achungulie tambarare za Karamoja, na kurudi akiwa ameruka zaidi ya kilomita 200. Kijana aliye katika glaida ya mafunzo ya miaka ya 1970 ataligusa duara upande wa huku, ageuke, na kurudi na kilomita 100 na kitu. Wote wawili watakuwa wameshindana, wote wawili watakuwa wamekuwa mashariki ambako ardhi ni kavu na wazi, na ifikapo saa 9 alasiri wote watakuwa wanafunika ndege zao maturubai. Kwa maoni yangu hiyo ni siku kamili, na hesabu ya alama iseme hivyo.

Kwa hiyo napendekeza kanuni yetu ya taifa iandikwe hivi: safari ya maeneo iwe ndiyo safari ya kawaida, na safari ya mbio ipangwe tu pale ambapo mtabiri, mkurugenzi na wawakilishi wawili waliochaguliwa na marubani wenyewe wamekubaliana kwa maandishi asubuhi ileile. Alama za siku zikokotolewe kwa kuzidisha muda wa mshindi mara 500, zikomee 1,000, ili siku ya saa 2 iwe siku kamili, ya saa 1 na nusu ibebe 750, na iliyo chini ya saa 1 isihesabiwe kabisa. Mzani wa umbali nao ushushwe uendane na hayo. Kilomita 150 zinatosha. Kuhusu bahati, ambayo ndiyo hoja ya kweli dhidi yangu, dawa yake ni kuongeza idadi ya siku. Siku 8 za saa 2 zitamtambulisha bingwa vizuri zaidi kuliko siku 4 za saa 3 ambazo mbili kati yake ziliamuliwa na nani aliyethubutu kupita chini ya wingu la radi.

Najua mtaambiwa kwamba bingwa wetu atakwenda kushindana na dunia, na kwamba ni lazima akuzwe kwa kanuni za dunia. Hoja hii ina uzito, lakini isitufunge mikono. Marekani, ambayo ina marubani wengi wa glaida na historia ndefu ya mashindano, kwa miaka mingi ilikuwa na kanuni zake za taifa zilizotofautiana na za kimataifa, na marubani wake waliendelea kwenda kwenye mashindano ya dunia. Rubani aliyejifunza kuupima muda wake ndani ya duara hatashindwa kufuata vituo. Isitoshe, tusijenge mashindano ya taifa kwa ajili ya mtu mmoja atakayesafiri, tukawasahau wale wengine watakaobaki hapa na ndege za klabu.

Liko jambo jingine ambalo marubani wa glaida huona uzito kulizungumza, nalo ni kuisimamisha safari ikiwa imekwisha kuanza. Katika glaida, mazoea ni kwamba lango la kuanzia likishafunguliwa, safari haibadilishwi, na kila rubani ndiye mwenye amri ya ndege yake. Wenzetu wa miavuli ya kuruka wana utaratibu tofauti: mkurugenzi anaweza kuisimamisha safari kwa redio, na kila mmoja huhesabiwa pale alipokuwa dakika chache kabla ya tangazo. Zile dakika za kurudi nyuma zimewekwa kwa makusudi, ili asiwepo anayefaidika kwa kusogea mbele kidogo kuelekea hatari huku akingoja sauti ya redio. Sababu za kuwa na utaratibu huo zinajulikana. Februari 2007, huko Manilla, Australia, wakati marubani wa miavuli walipokuwa wakijiandaa kwa mashindano ya dunia, Ewa Wiśnerska wa Ujerumani alivutwa na wingu la radi hadi karibu mita 9,900, akapoteza fahamu, akashuka akiwa hai kwa namna ambayo bado inashangaza watu. Rubani mwenzake kutoka China, aliyevutwa na dhoruba hiyohiyo, alikufa.

Najua kwamba glaida ina kasi kubwa kuliko mwavuli na inaweza kulikimbia wingu. Najua pia kwamba rubani mwenye alama za kutetea hukimbia akiwa amechelewa. Naomba mkurugenzi wa mashindano yetu apewe mamlaka ya kusimamisha safari kwa sababu ya radi peke yake, kwa hesabu ya kurudi nyuma dakika 10, na kila rubani abaki na haki yake ya kugeuka wakati wowote bila kungoja tangazo la mtu.

Mengine nitayapitia kwa haraka, kwa kuwa si magumu mkikubali hayo ya juu. Ndege zetu zitakuwa chache na za umri tofauti, basi kundi liwe moja na kila aina ipewe kigezo cha kusawazisha, kama inavyofanyika duniani katika kundi la klabu. Mstari wa kumalizia uwekewe kimo cha chini, ili asiwepo anayeuvuka akipangusa miti. Kila asubuhi itangazwe safari ya kwanza na ya akiba, zote zikiwa zimechapishwa, kwa sababu safari inayobuniwa kwenye nyasi huku ndege zimepangwa mstarini huzaa makosa. Jina la aliyepanga safari liandikwe juu ya karatasi, na asiwe na ndugu wala mwanafunzi wake katika mashindano. Nafahamu kwamba katika nchi yenye marubani wachache kama yetu sharti hili la mwisho litasumbua, lakini anaweza kuombwa mtu kutoka Kenya au Afrika Kusini, ambako glaida zinaruka tangu zamani.

Wanavijiji nao wasisahaulike. Glaida ikitua shambani Katakwi, watu mia mbili watakuwa wamefika kabla rubani hajafungua mikanda, na nusu yao watakuwa wamepita juu ya mtama wa mtu. Wenyeviti wa LC1, yaani mabaraza ya vijiji, katika eneo lote la safari waarifiwe wiki mbili kabla, kwa Kiateso, Kikaramojong na Kiswahili, na fedha za kulipia mazao ziwekwe kando siku ya kufungua mashindano, zisitafutwe baada ya ugomvi. Mamlaka ya Usafiri wa Anga itajua zaidi yangu jinsi ya kuyaoanisha mafunzo ya chuo cha Soroti na safari zetu. Ninachoomba ni kwamba mipaka ya anga itolewe kwa kila rubani kabla ya siku ya kwanza, na isibadilishwe katikati ya mashindano isipokuwa kwa dharura.

Nimekwisha kuandika rasimu ya kanuni hizi, ya kurasa 14, pamoja na mifano ya safari 6 zilizochorwa kutoka Soroti na hesabu ya alama ya kila moja. Naomba kikao kimoja na wataalamu wa Baraza na wa Mamlaka, kifanyike kabla ya kiangazi cha Desemba kuanza Karamoja, ili miezi hiyo mikavu itumike kuzijaribu safari hizo kwa ndege mbili tu, pasipo kombe wala watazamaji. Nitakuja na rafiki yangu niliyemtaja. Haruki tena, lakini amekubali kuwaeleza mwenyewe aliona nini mbele yake pale alipobakiza kilomita 9.

Wenu mtiifu,

Rubani wa glaida na msaidizi wa ardhini,
Soroti